Ujumbe wa WhatsApp ni bure? Uzi kuhusu SMS, bando na ushuru

1/ Kila Mswada wa Fedha ukikaribia, huu mjadala hurudi: data ni ghali, nani alaumiwe? Mmoja anasema serikali inatukamua kwa ushuru. Mwingine anasema kampuni za simu ndizo zinatunyonya. Wa tatu anaingia na lake: "Mnalia nini na WhatsApp ni bure?" Leo tutayatenganisha hayo matatu. Sitaji mwanasiasa wala chama, na huko kwenye majibu pia naomba msiwataje. Tuongee hesabu.

2/ Nikwambie mapema ninakoelekea ndio usome ukijua. Kutuma ujumbe wa maandishi kwa data ni karibu bure kweli. Kilicho ghali ni vile data yenyewe inauzwa, hasa kwa mtu anayenunua ya mbao kila asubuhi. Na hiyo bei inaingia hadi kwenye siasa, kwa sababu kwa wengi wetu kupokea uvumi kunagharimu kidogo kuliko kuuhakikisha.

3/ Tuanze na SMS. SMS moja ina nafasi ya baiti 140. Kwa herufi za kawaida hizo ni herufi 160, na Kiswahili kinaenea humo bila shida. Ukiweka emoji moja tu, simu inabadilisha mfumo wa kuandika herufi na nafasi inashuka hadi 70. Kwa hivyo ujumbe wa herufi 100 wenye kicheko kimoja mwishoni unahesabiwa kama SMS mbili. Umelipa mara mbili kwa sababu ya kucheka.

4/ SMS ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, salamu za Krismasi. Hizi jumbe zilipitishwa kwenye njia ambayo simu na mnara zilikuwa zinaitumia tayari kuambiana "niko hapa", "kuna simu inaingia". Njia ilikuwepo, ujumbe ukadandia. Kwa hivyo tangu mwanzo, bei ya SMS haikufuata sana gharama ya kuibeba. Ilifuata kile ambacho mteja alikubali kulipa.

5/ Sasa fanya hesabu hii. Tuseme SMS moja ni shilingi 1, bila senti za juu. MB moja ina baiti 1,048,576. Gawanya kwa 140, unapata SMS 7,490 hivi. Yaani kama data ingeuzwa kwa bei ya SMS, MB moja ingekuwa shilingi 7,490. Hiyo kwa mtu wa kipato cha chini ni kodi ya nyumba na chenji inabaki.

6/ Njoo upande wa data. Ujumbe huohuo ukienda kwa WhatsApp unafungwa kwa usimbaji, unawekewa anwani, na alama za "umefika" na "umesomwa" nazo zinasafiri. Tuwe wakarimu, tuseme vyote ni KB 2. MB moja itabeba jumbe kama 512. Tuseme bando la mbao linakupa MB 200. Hizo ni jumbe zaidi ya 100,000. Kwa mbao hiyohiyo SMS ni 20 tu.

7/ Kwa hivyo anayesema ujumbe wa WhatsApp ni bure ana ukweli wake. Shida ni kwamba hakuna dukani panapouzwa ujumbe mmoja wa KB 2. Unauziwa bando, na ndani ya bando hauko peke yako. Programu zinajisasisha. Picha zinajipakua. Grupu ya wadi ina watu 200 na kila mtu ana video. Video moja ya MB 10 imekula nafasi ya jumbe 5,120. Ulinunua data ya kuandika, imeishia kwa harusi ya mtu usiyemjua.

8/ Kabla hatujafika kwa siasa, saidika na hili. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, zima kujipakua kwa picha, sauti na video ukiwa kwenye data ya simu. Utachagua mwenyewe cha kufungua. Hiyo haihitaji Mbunge.

9/ Sasa ushuru. Kenya, unaponunua kredo au data, unalipa ushuru wa aina mbili. Wa kwanza ni ushuru wa bidhaa, ambao ndio watu hupigania kwenye Mswada wa Fedha. Wa pili ni VAT ya asilimia 16. Na VAT haihesabiwi kwa bei tupu. Inahesabiwa kwa bei pamoja na ule ushuru wa kwanza. Ushuru umewekwa juu ya ushuru.

10/ Historia fupi ya ushuru wa bidhaa kwenye simu na data. Sheria ya Fedha ya 2018 iliuweka asilimia 15. Ile ya 2021 ikaupandisha hadi 20. Ile ya 2023 ikaurudisha hadi 15. Mswada wa 2024 ulipendekeza urudi 20, pendekezo likaondolewa. Ukiangalia vizuri, huu ushuru unapanda na kushuka kama bei ya nyanya. Ndio maana kila mwanasiasa anaweza kupata mwaka wa kujisifia na mwaka wa kulaumu wengine.

11/ Hesabu ya soo. Ukitoa shilingi 100 leo kwa data, kwa ushuru wa asilimia 15 na VAT ya 16, kampuni inabaki na kama 74.96. Ushuru wa bidhaa unachukua 11.24. VAT inachukua 13.79. Yaani robo ya pesa yako ni ya serikali, na sehemu kubwa ya hiyo robo ni VAT, ambayo hata haitajwi sana kwenye mijadala. Kwa mbao ni shilingi 5 hivi za ushuru.

12/ Tuseme mgombea anaahidi kushusha ushuru wa bidhaa kutoka 15 hadi 10. Makofi. Kampuni ikikurudishia kila senti, bando la soo litakuwa shilingi 95.65. Bando la mbao litashuka kwa senti 87. Na hiyo ni kama kampuni itarudisha yote, kwa sababu sheria ya ushuru haiilazimishi kushusha bei. Inaweza kuacha bei ilivyo na kuweka tofauti mfukoni.

13/ Siyo ati ushuru si kitu. Kwa mtu anayeishi kwa kibarua, robo ya kila bando ni pesa. Lakini kuna nchi ilishajaribu kutoza ushuru ujumbe wenyewe, na matokeo tuliyaona tukiwa hapa tu jirani.

14/ Uganda, tarehe 1 Julai 2018, ilianza kutoza shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa yeyote anayetaka kutumia WhatsApp, Facebook, Twitter na mitandao kama hiyo. Sababu iliyotolewa ilikuwa mapato, na pia kupunguza umbea. Watu wakakimbilia VPN. Wengine wakatoka mtandaoni kabisa. Mwaka 2021 ukaondolewa, na kuanzia Julai mwaka huo ikawekwa asilimia 12 kwenye data yenyewe.

15/ Mfano wa Uganda unafunza hivi: ushuru wa siku ni uleule kwa mtu wa ofisi anayetuma faili siku nzima na kwa mama anayetuma ujumbe mmoja kwa mtoto wake. Kwa mmoja hauonekani. Kwa mwingine ni uamuzi wa kila asubuhi: leo niwe mtandaoni au niache? Ushuru wa asilimia angalau unafuata unachonunua. Lakini hata huo unamkuta mnunuzi wa kidogokidogo akiwa tayari ameumia, na hapo ndipo tunaenda.

16/ Huku Rhonda maisha mengi yanaenda kwa kadogo. Mafuta ya kupikia ya kupima, sukari ya robo, sabuni ya pakiti ndogo. Mtu analipwa kwa siku, ananunua kwa siku. Siyo ujinga wa hesabu. Pesa ya mwezi haijawahi kukaa mkononi pamoja. Data nayo inauzwa hivyohivyo: ya saa moja, ya siku, ya hadi saa sita usiku.

17/ Tofauti ni moja. Mafuta ya kupima yakibaki leo, kesho unapikia. Data ya siku ikibaki, saa ikifika inakufa. Rudi kwa mfano wetu wa MB 200 kwa mbao. Ukitumia MB 120 na 80 zikafa, umepoteza asilimia 40, yaani shilingi 8. Linganisha na ule ushuru uliopigiwa makofi: senti 87. Kwa mtu wa kadogo, muda wa kuisha unaweza kuuma mara 9 zaidi ya ushuru unaobishaniwa Bungeni.

18/ Hili si jambo jipya. Mwaka 2019 kulikuwa na kesi kwenye baraza la rufaa za mawasiliano kuhusu data inayoisha muda, na Oktoba mwaka huohuo Safaricom ikaanza kuuza data isiyoisha muda. Hiyo ni hatua. Lakini linganisha mwenyewe: bei ya kila MB kwenye data isiyoisha kwa kawaida huwa juu kuliko ya bando la siku. Kwa hivyo mtu wa kadogo anachagua kati ya nyingi itakayokufa na kidogo itakayobaki.

19/ Kampuni nazo zina jibu lao, na ni haki tulisikie. Wanasema mtandao hujengwa kwa ajili ya saa za msongamano. Bando la muda mfupi linawasaidia kuuza nafasi ambayo ingekaa bure usiku, ndio maana ni la bei ya chini. Kuna mantiki hapo. Lakini mantiki hiyo haielezi kwa nini MB 80 zako za mchana haziwezi kuhamia angalau kesho yake mchana.

20/ Sasa turudi kwenye siasa. Kampuni za simu zimekuwa zikiuza bando la WhatsApp pekee, kwa shilingi chache kwa siku. Ni msaada mkubwa: unaongea na familia, unapokea oda za biashara, unajua kazi iko wapi. Lakini linki ya nje ikiwekwa kwenye grupu, haifunguki, kwa sababu linki inakutoa WhatsApp na kukupeleka kwenye intaneti ya kawaida. Skrinishoti inafunguka. Ujumbe wa sauti unafunguka. Chanzo hakifunguki.

21/ Chukua mfano. Skrinishoti inaingia kwenye grupu ya ploti: "Ushuru wa data umepanda hadi 20, serikali imepitisha." Kuipokea, umeshalipia. Kuifowadi kwa grupu nyingine, umeshalipia. Kuhakikisha, unahitaji kufungua tovuti ya Bunge na kupakua PDF ya mswada yenye kurasa chungu nzima, na hiyo inataka data ya kawaida ambayo huna. Utafanya nini? Utaamini au utapuuza, kulingana na ulivyomchukia au kumpenda anayetajwa.

22/ Na huo mfano si wa kubuni tu. Mei 2024, pendekezo la asilimia 20 lilikuwa kweli kwenye mswada. Tarehe 18 Juni 2024 kukatangazwa kwamba limeondolewa. Tarehe 25 Juni Bunge likapitisha mswada, maandamano yakatikisa nchi, na tarehe 26 Juni Rais akatangaza hatautia saini. Skrinishoti ileile ilikuwa na chembe ya ukweli Mei, kwa sababu pendekezo lilikuwepo, na Julai haikuwa nayo tena, na skrinishoti haijui kujisahihisha.

23/ Wakati ule vijana walifanya kazi kubwa: walieleza mswada kwa lugha za nyumbani kwenye video, wakafupisha vifungu, wakaweka maandishi mepesi ya kufowadi. Watu wengi walisifu ubunifu, na walistahili. Mimi naona pia upande mwingine. Walikuwa wanaziba pengo ambalo si lao. Kueleza mswada kwa njia ambayo mwananchi anaweza kuufungua ni kazi ya Bunge. Ibara ya 118 ya Katiba inalitaka Bunge lishirikishe umma, na Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

24/ Suala la kampuni kuchagua mtandao gani uwe wa bure au wa bei nafuu limebishaniwa kwingine pia. Facebook ilipoleta huduma yake ya tovuti chache bila malipo, Kenya iliipata Novemba 2014 kupitia Airtel. India ikaikataa: Februari 2016 mamlaka yao ya mawasiliano ilipiga marufuku kutoza bei tofauti kulingana na tovuti. Hoja yao ilikuwa kwamba mwenye kuchagua tovuti zako ndiye anayechagua unachojua. Hoja ya upande wa pili ilikuwa kwamba kidogo ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Zote mbili zina uzito, na mtu asikudanganye kwamba ni rahisi.

25/ Kuna anayesema tulikuwa salama zaidi enzi ya SMS. Huku Nakuru hiyo haitakubalika haraka. Januari 2008 ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika hapa, na mitaa yetu ya magharibi mwa mji ikaguswa, jumbe za chuki zilikuwa zimesambaa nchini kwa SMS. Serikali ilifikiria kuzima SMS. Mwishowe Safaricom ikawatumia wateja wake jumbe za amani. Shilingi haikuzuia chuki.

26/ Kilichobadilika baadaye ni kanuni. Mwaka 2012, na tena 2017, kulitolewa miongozo ya kudhibiti jumbe za siasa zinazotumwa kwa wingi, ili anayetaka kutuma kwa maelfu ajulikane na maandishi yake yakaguliwe kwanza. SMS za wingi zina mlango, kwa sababu lazima zipitie kwa kampuni. WhatsApp haina mlango huo, imesimbwa. Wao waliweka breki kwenye kidole: Januari 2019 kufowadi kukawekewa kikomo cha watu au grupu 5 kwa mara moja, na Aprili 2020 ujumbe uliofowadiwa sana ukawa unaenda kwa mmoja mmoja. Walipunguza kasi bila kupandisha bei, na maskini hakufungiwa nje.

27/ Je, mdhibiti anaweza kushusha bei? Anaweza kuchangia. Agosti 2010 mdhibiti wa mawasiliano alishusha ada ambayo mtandao mmoja hulipa mwingine kupokea simu, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Mwezi huohuo Zain ikashusha simu hadi shilingi 3 kwa dakika na SMS hadi shilingi 1, na wengine wakalazimika kufuata. Ada hiyo iliendelea kushuka, na Machi 2024 ilifika senti 41. Lakini hiyo ni ya simu za sauti. Bei ya data inafuata ushindani, minara, umeme, masafa na nyaya.

28/ Na "wifi ya bure"? Serikali iliahidi faiba ya kilomita 100,000 na vituo 25,000 vya wifi ya umma. Ni ahadi nzuri kwa mtu aliye sokoni. Swali la kuuliza ni dogo: kituo kiko hatua ngapi kutoka kwako, kinafanya kazi saa ngapi, na kinabeba watu wangapi kwa pamoja? Wifi ya soko haikufikii saa tatu usiku ukiwa nyumbani, na ndio saa grupu zimechangamka.

29/ Kwa hivyo, mtu akisimama mbele yako akasema "nitashusha bei ya data", muulize anashika usukani upi:
- Ushuru wa bidhaa na VAT: ni Bunge la Kitaifa. Ibara ya 210 inasema hakuna ushuru unaowekwa au kuondolewa bila sheria. MCA hawezi kukuahidi hilo.
- Muda wa bando kuisha na bei yake: ni kampuni, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano.
- Ada za kupitisha nyaya chini ya barabara zetu: hapo kaunti inahusika, kwa hivyo MCA na gavana muwaulize hilo.
- Uzito wa hati za umma: ni kila ofisi inayozichapisha.

30/ Huo wa mwisho ndio naupigania zaidi, kwa sababu hauhitaji pesa nyingi. Mswada wa Fedha ukichapishwa kama PDF nzito, uchapishwe pia kama maandishi mepesi, kwa Kiswahili na Kiingereza. Maandishi ya kurasa 100 ni KB mia chache tu. Yanaweza kutumwa ndani ya WhatsApp yenyewe, kama faili, na mtu wa bando la WhatsApp akayafungua bila kutoka nje.

31/ Pendekezo la pili: tovuti zenye miswada, bajeti na matangazo ya ushirikishwaji wa umma zifunguke hata bila bando. Najua mtaniuliza kama hii si ileile ya India, serikali ikituchagulia cha kusoma. Wasiwasi huo ni halali, ndio maana naweka mpaka: hati ambazo sheria tayari inalazimisha zitangazwe, basi. Siyo hotuba, siyo habari za mafanikio, siyo picha za uzinduzi. Hati tu.

32/ La tatu: data iliyobaki ihamie angalau siku inayofuata ukinunua bando jingine. Nimeshaonyesha hesabu: kwa mtu wa mbao hiyo ina maana kuliko pointi 5 za ushuru. Mbona basi mjadala wote uko kwa ushuru? Kwa sababu ushuru una sura ya mtu wa kulaumiwa na una tarehe ya kupiga kura. Muda wa kuisha hauna mkutano wa hadhara.

33/ Kidokezo kwa watu wa huku: ukitafuta matangazo ya kaunti au ya tume ya uchaguzi, wadi yetu huandikwa Rhoda, bila N. Ukiandika Rhonda unaweza kukosa tangazo la mkutano unaokuhusu, na data imeenda.

34/ Uzi huu nimeuandika kwa maandishi matupu, bila picha wala video, ndio uwe mwepesi. Maandishi yake yote hayafiki KB 25. Ukitaka kuupeleka kwa grupu, nakili maneno na tarehe, usipige skrinishoti ya kipande kimoja. Na kama kuna hesabu hapo juu hukubaliani nayo, weka yako chini tuzilinganishe.